UZI: Simu ikinaswa shuleni, ni sheria gani inafuatwa? Historia kidogo, kutoka barua za bweni hadi TikTok

Wakuu, kila muhula ukifungwa mjadala huu unarudi. Mmoja anasema simu zipigwe marufuku shuleni kabisa. Mwingine anasema dunia imebadilika, mpe mtoto simu ajifunze. Watu wanatukanana siku mbili, halafu inakuja mada ya mafuta ama ushuru, tunasahau. Nimekaa chini niandike kwa sababu swali lenyewe ni la zamani kuliko TikTok. Na kama kawaida ya nyuzi zangu, hakuna mwanasiasa wala chama nitakachotaja. Ukitaja wewe kwenye maoni, shauri yako.

Nianzie nyumbani. Mimi ni wa Ishiara, huku chini Mbeere, karibu na mto Thuci unaotutenganisha na Tharaka Nithi. Kama hujafika: jua, maembe, ndengu, mbuzi, muguka, na soko ambalo siku yake ikifika hata pa kuegesha pikipiki hupati. Nasema hivi maana wengine wakisikia "uraia wa kidijitali" wanadhani ni kitu cha shule za Karen zenye bwawa la kuogelea.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona nilikuwa kidato cha tatu. Tuliambiwa masomo yatakuja kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao. Kwetu redio ilikuwa ya babu, na yeye alikuwa na vipindi vyake. Simu ya intaneti ilikuwa moja, ya mama, na ndiyo ilikuwa ya biashara. Hata hivyo tukaunda grupu la WhatsApp la darasa. Mwalimu wetu mmoja alijitolea, akatumia bando lake mwenyewe kututumia maswali ya hesabu na kemia. Nitamheshimu milele.

Kufika Julai hesabu ilikuwa imeisha, ni vichekesho tu. Halafu mtu akatuma picha ya msichana wa darasa letu. Kichwa chake, mwili wa mtu mwingine, na maneno ambayo siyaandiki hapa. Ilitoka grupu hadi grupu. Kufika jioni ilikuwa imevuka mto.

Tuliporudi shule Januari 2021, aliyeitwa ofisini alikuwa yeye. Sio aliyeitengeneza. Yeye. Akaulizwa kwa nini picha zake ziko kwa simu za watu. Wavulana wawili wakachapwa (viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, lakini tuendelee), simu tano zilizonaswa bwenini zikapondwa kwa nyundo mbele ya paredi, kesi ikaisha. Muhula uliofuata hakurudi.

Shule siitaji. Ukweli ni kwamba ingeweza kuwa shule yoyote ya huku, na wale walimu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na nyundo, walikuwa na kiboko, na hawakuwa na karatasi hata moja ya kuwaambia wafanye nini. Mimi pia niliiona hiyo picha. Sikuisambaza, lakini sikumwambia mtu mzima yeyote. Basi mkisoma haya mjue anayeandika hakuwa shujaa.

Sasa historia.

Muulize mzazi wako aliyesoma bweni miaka ya sabini ama themanini kuhusu barua. Katika shule nyingi barua ilifika ofisini kwanza, mwalimu anaifungua, anaisoma, ikiwa ya mapenzi inasomwa mbele ya paredi watu wacheke. Redio ndogo ya betri ilinaswa na kuwekwa kwenye kabati. Hakuna aliyeuliza kama mtoto ana haki ya kuandikiwa barua. Shule ya bweni tuliyorithi kutoka kwa wakoloni na wamishonari ilijengwa hivyo: dunia ya nje inaingia kupitia mlango mmoja, na ufunguo ni wa mwalimu.

Simu za mkono zilipoanza kuenea kuanzia mwaka 2000, zilipokewa kwa sheria ile ile ya barua. Marufuku, msako, kabati. Na kusema haki, wakati huo ilikuwa na mantiki yake. Simu ilikuwa ghali, ilileta wizi na wivu bwenini, na ilifanya kazi mbili tu, kupiga na kutuma ujumbe.

Halafu ikaja mwisho wa 2007. Uchaguzi ulizua mzozo, watu zaidi ya 1,100 wakauawa, mamia ya maelfu wakahama makwao. Wengi wanakumbuka mapanga na moto. Wachache wanakumbuka SMS. Jumbe za chuki dhidi ya makabila zilipita kutoka simu hadi simu, "tuma kwa watu kumi", na hakukuwa na sheria ya kuzikabili. Wakati huo huo, Januari 2008, vijana Wakenya waliunda Ushahidi, jukwaa ambalo mwananchi wa kawaida angetuma ripoti ya ghasia kwa SMS ama mtandao na ikawekwa kwenye ramani. Simu ile ile. Mmoja aliitumia kuchochea, mwingine kuokoa.

Mimi naona hapo ndipo Kenya ilipata somo lake la kwanza la uraia wa kidijitali, kabla hatujajua hata jina lake. Tulifanya nini na somo hilo? Tulitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, tukapata tume ya NCIC ya kushughulikia matamshi ya chuki. Vizuri. Lakini sheria hiyo inamngoja mtu akishakuwa mkubwa na ameshakosea. Darasani kulikuwa na somo la Stadi za Maisha, halikutahiniwa, na kwetu kipindi chake kilikuwa cha mwalimu wa hesabu kumaliza silabasi. Wewe kwenu kiliwahi kufundishwa? Sema ukweli.

Kitu kilichofanya shule zichukie simu kwa kweli, kwa maoni yangu, ni mtihani. KCSE ya 2015 ilivuja vibaya, na karatasi zilitembea kwa WhatsApp. Matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa. Machi 2016 baraza la mitihani likavunjwa, sheria mpya zikaja, hata ziara za wazazi muhula wa tatu zikakatazwa. Kuanzia hapo ukimwambia mwalimu mkuu "simu", yeye anasikia "wizi wa mtihani". Simlaumu, kazi yake iko hatarini. Tatizo ni kwamba hofu hiyo ya wiki chache za mtihani ikawa ndiyo sera ya mwaka mzima.

Na huku hofu hiyo ikikua, serikali hiyo hiyo ilikuwa inaleta mashine darasani. Hii sehemu huwa inanichekesha na kunikasirisha kwa pamoja.

Kwenye kampeni za 2013 kuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Tenda ya laptopu hizo ikafutwa. Mradi ukarudi umebadilika: sio laptopu tena, ni vishikwambi, vikiunganishwa hapa nchini na vyuo vikuu viwili, JKUAT na Moi, pamoja na washirika wao wa nje. Mwaka 2016 ukaanza kwa majaribio katika shule 150, kisha ukaenea hadi vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule zaidi ya 20,000. Kabla ya kupelekewa vifaa, shule iliunganishwa stima, na hilo naliheshimu: kuna shule huku kwetu zilizopata taa kwa sababu hiyo tu. Kufika 2019 mazungumzo yalikuwa yamehamia kwa maabara za kompyuta.

Katika mabishano yote ya mradi huo, bungeni, mahakamani, magazetini, tulibishana bei. Tulibishana nani amepewa tenda. Tulibishana kama mtoto anayesomea chini ya mti anahitaji kishikwambi ama darasa, na lilikuwa swali zuri. Swali ambalo halikupewa nafasi ni hili: huyu mtoto tunampa kifaa, tutamfundisha vipi kuishi nacho? Mdogo wangu alianza darasa la kwanza 2017. Anasema vishikwambi vyao viliishi kwenye kabati la chuma ofisini, vikatolewa wageni wakija.

Hesabu mwenyewe. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza 2017 ndiye aliyekuwa Gredi ya 3 mwaka 2019 mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi kitaifa. Ndiye huyo huyo ambaye Januari 2026 aliingia Gredi ya 10, katika kundi la kwanza la sekondari pevu. Kwa hivyo watoto walewale tuliowanunulia vishikwambi wakiwa na miaka sita, sasa wako bwenini wakiwa na miaka kumi na tano, kumi na sita, na sheria wanayoipata langoni ni ile ya barua.

Ukifungua mwongozo wa mtaala huo wa 2017 utaona umilisi saba ambao kila mwanafunzi anatakiwa kuupata. Mmoja ni uraia. Mwingine ni ujuzi wa kidijitali. Viko kwenye orodha moja kama majirani wawili wasioamkuana. Uraia unafundishwa kama bendera, katiba na kuishi pamoja. Ujuzi wa kidijitali unafundishwa kama kuwasha mashine, kuchapa na siku hizi hata kuandika programu. Daraja la kuviunganisha halijajengwa. Nani ana haki juu ya picha yako? Ukiona uongo kwenye grupu la ukoo ufanye nini? Ukitishiwa na mtu usiyemjua umwambie nani?

Na sio kwamba sheria hazipo. Sheria ni nyingi. Katiba ya 2010 inalinda faragha kwa kifungu cha 31 na watoto kwa kifungu cha 53. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ni ya 2018. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema huwezi kutumia data ya mtoto bila idhini ya mzazi ama mlezi, na hata ukipata idhini lazima iwe kwa manufaa ya mtoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inataja dhuluma ya mtandaoni waziwazi. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa kuwalinda watoto mtandaoni kwa kampuni za sekta hiyo mwaka 2025.

Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu! Hebu angalia sasa hivi ukurasa wa Facebook wa shule uliyosoma. Hesabu nyuso za watoto, siku ya michezo, siku ya maombi, "hongera mtahiniwa wetu" na jina kamili na alama. Tunamponda mwanafunzi simu kwa kusambaza picha, halafu shule yenyewe inasambaza kila Ijumaa.

Najua mtu atasema haya ni ya Nairobi, huku mashinani watoto hawako mtandaoni. Utafiti uliofanywa nchini na ECPAT, Interpol na UNICEF, uliochapishwa 2021, ulionyesha asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Miongoni mwao, kati ya asilimia 5 na 13 walikuwa wamepitia unyanyasaji wa kingono mtandaoni mwaka mmoja tu uliotangulia. Wengi hawakuripoti popote rasmi. Hilo la mwisho halikunishangaza hata kidogo. Ningekuwa yule msichana, na nimeona aliyeitwa ofisini ni nani, ningeripoti kwa nani?

Upande wa marufuku nao una hoja na sitaki kuudharau. Ufaransa ilikataza simu shuleni kwa sheria ya 2018 hadi karibu umri wa miaka 15. UNESCO mwaka 2023 ilionya kwamba simu darasani zinavuruga masomo. Australia imeenda mbali zaidi, tangu tarehe 10 Desemba 2025 watoto chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Hapa kwetu, Agosti 2023 ombi la kupiga TikTok marufuku lilifika Bunge la Taifa. Mimi mwenyewe sitaki simu bwenini usiku. Nimelala huko, najua.

Lakini marufuku inaanza langoni na kuisha langoni. Picha ya mwenzetu haikutengenezwa shuleni. Ilitengenezwa likizoni, kwa simu halali, ya mzazi. Msako wa bwenini haungeigusa.

Kwenye mkutano mmoja wa wazazi baada ya kisa hicho, mama mmoja anayeuza nafaka sokoni alisimama akauliza: "Mwalimu, mkishaponda simu, picha nazo zimepondeka?" Watu wakacheka. Mwalimu akasema tuendelee na ajenda ya chakula. Mpaka leo sijasikia profesa akiuliza swali la sera vizuri kumshinda.

Kuna mfano wa kujifunza na ni wetu. Machi 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini Kyanguli, Machakos. Baada ya uchungu mwingi na mikasa mingine, Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008. Haukusema "moto ni mbaya". Ulisema mlango wa bweni ufunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, nafasi kati ya vitanda iwe kiasi gani. Vitu vya kupimwa kwa futi na mita. Mkaguzi akija anajua anatafuta nini. Ndiyo, najua mtajibu nini, kwamba Septemba 2024 tulizika watoto 21 wa Endarasha, Nyeri, na mwongozo ulikuwepo. Ni kweli na inauma. Lakini baada ya Endarasha tuliweza angalau kuuliza: kipengele hiki kilifuatwa? Nani alikagua? Kwa yule msichana wa darasa letu hatukuwa hata na cha kuulizia.

Kwa hivyo mimi nikisema sera ya uraia wa kidijitali shuleni, sisemi hotuba. Nasema ukurasa mmoja ama miwili, wa Kiswahili ambacho mama wa nafaka anaelewa. Simu ikinaswa inaandikwa kwenye daftari gani, inakaa kwa nani, inarudi lini kwa mzazi. Kuiponda ni kuharibu mali ya mtu, na ikiwa ndani yake kuna ushahidi, umeuponda pia. Nani anaruhusiwa kufungua simu ya mwanafunzi, na mbele ya nani. Picha ya aibu ikisambaa, mwathiriwa anazungumza na mwalimu gani, na ni marufuku kumuuliza amefanya nini "kuisababisha". Kesi inafika kwa polisi ama afisa wa watoto wakati gani. Shule inaposti picha za watoto kwa idhini ipi. Grupu za darasa, mwalimu akiwemo, zinaendeshwa vipi na saa ngapi. Na sasa kuna picha bandia za akili mnemba, ambazo zimeifanya kazi ya yule kijana wa 2020 kuwa ya dakika moja.

Nani ataandika? Hapa ndipo watu wa mada hii huwa wanasubiri Nairobi. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 tayari inaipa kila shule ya umma bodi ya usimamizi, inawapa wazazi chama chao, na inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi ya kuketi kwenye bodi. Wanafunzi wengi hawajui hicho kiti kipo. Mimi nilikuwa kwenye baraza la wanafunzi kidato cha nne na nilikijua nikiwa chuo kikuu, mwaka wa pili, nikisoma sheria hiyo kwa kazi ya muhula! Tulikuwa tunaitwa kuhesabu sahani.

Na kwa wale wanaosema vijana hawawezi kupewa sauti kwa mambo ya mtandao: Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa bungeni, ni vijana waliousoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani kwenye TikTok, wakakaa kwenye Spaces hadi usiku wa manane wakisikiza mawakili. Wakati huo huo wengine wetu walisambaza nambari za simu za watu, picha za zamani zikidaiwa ni za leo, na matusi. Kizazi kimoja, wiki moja, tabia zote mbili. Hakuna aliyetufundisha ile nzuri, na hakuna aliyetuonya shuleni kuhusu ile mbaya.

Uchaguzi ni 2027. Wanafunzi wa Gredi ya 10 wa leo hawatakuwa wamefika umri wa kupiga kura, wengi wao, lakini simu watakuwa nazo likizoni Agosti hiyo, na jumbe za "tuma kwa watu kumi" zitawafikia.

Nimeandika rasimu ya kurasa mbili na nimeipeleka kwa mwanachama mmoja wa bodi ya shule huku Mbeere. Ameniambia ataileta kwenye mkutano wa muhula ujao, baada ya karo na tangi la maji. Nimekubali kungoja tangi la maji, maana huku kwetu hata mimi ningeliweka mbele.

Kama shule yenu ina sheria yoyote iliyoandikwa kuhusu simu na picha, hata mistari mitatu, nitumieni. Futeni jina la shule na majina ya watoto kabla ya kupiga skrinishoti.